Ndege wa msimu wa baridi Mlola: namna ya kuwatazama, kuwapiga picha na kuwahesabu

Juni ikiingia, Mlola huvaa sweta. Ukungu hulala mabondeni hadi saa 3 au 4 asubuhi, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kazi za shamba zinapopungua mwishoni mwa juma, huu ni wakati mzuri wa kutembea polepole kando ya msitu na kuangalia jambo ambalo wengi wetu tumelizoea mpaka hatulioni tena, yaani ndege.

Katika makala hii tunaeleza ni ndege gani wa kuwatafuta, namna ya kuwapiga picha kwa simu ya kawaida, na kwa nini daftari la mtu wa Mlola linaweza kuwa na thamani kuliko picha ya mgeni mwenye kamera kubwa.

Misimu miwili ya baridi

Tunapozungumza kuhusu ndege na baridi, tunazungumzia baridi mbili.

Ya kwanza ni kipupwe chetu, Juni hadi Agosti. Katika miezi hii baadhi ya ndege wa misitu ya juu huteremka kwenye misitu ya chini yenye joto na wadudu zaidi, kisha hupanda tena baridi ikiisha. Ndiyo maana unaweza kumwona ndege mgeni kwenye msitu wa bondeni mwezi Julai, na Novemba ukamkosa. Wanaobaki juu huimba kidogo, kwa kuwa wengi hawataanza kujenga viota mpaka mvua za vuli zikaribie. Msitu ukiwa kimya haina maana kwamba ni mtupu.

Ya pili ni baridi ya Ulaya na Asia. Huko wadudu hutoweka, na ndege wanaowategemea husafiri kuja Afrika. Hufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, na huondoka Machi na Aprili. Anayejulikana zaidi ni mbayuwayu mwenye mgongo wa buluu iliyoiva, koo jekundu na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Ana uzito wa gramu 20 hivi tu. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni nchini Uingereza, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Pete hiyo ndogo iliwathibitishia watu umbali ambao ndege huyu husafiri.

Wapo pia mbayuwayu wanaokaa nchini mwaka mzima, kwa hiyo angalia koo na mkia kabla ya kusema wa Ulaya wamefika.

Usambara na historia ya elimu ya ndege

Milima yetu ina nafasi kubwa katika elimu hii. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, tangu 1928 hadi 1946, alichunguza hapo viota, mayai na safari za ndege. Kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitoka 1972, baada ya kifo chake. Humo alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huingia Afrika kila mwaka. Watafiti waliorudia hesabu hiyo na kuichapisha 2009, wakihesabu wanaotoka Ulaya peke yake, walipata kama bilioni 2.1.

Nani wa kumtafuta Mlola

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake imekuwepo muda mrefu sana na imetengana na misitu mingine, kwa hiyo ina viumbe wasiopatikana kwingine. Kwa mtu wa Mlola, msitu wa Shagayu uko karibu. Anza na hawa:

Hondohondo. Utamsikia kabla ya kumwona, kwa sababu mabawa yake hutoa mvumo mkubwa. Ana mdomo mkubwa wenye kitu kama kofia juu yake. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kubaki upenyo mwembamba, na dume humlisha humo pamoja na makinda. Bila miti mikubwa mikongwe yenye matundu, hondohondo hana pa kuzalia. Naye hulipa kodi ya nyumba: hula matunda na kusambaza mbegu za miti ya msitu.

Shorobo. Mwili ni wa kijani na buluu, lakini akiruka mabawa huwaka mekundu kama damu. Wekundu huo unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani ya manyoya yenyewe.

Chozi. Ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, hunyonya maji matamu ya maua. Hata ua la bustani nyumbani linatosha kuwaleta.

Ndege wa kukwaruza majani. Ukiona kwenye sakafu ya msitu ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, ubavu wa kutu na tumbo jeupe, akipekua majani makavu, huenda ni yule anayeishi katika milima ya Pare na Usambara tu, duniani kote.

Ndege anayefuata siafu. Huyu ndiye hazina. Ni mdogo, wa kahawia inayoelekea kijani, tumbo limefifia, na hukaa karibu na ardhi kwenye giza la msitu. Siafu wanapopita, yeye huwa pembeni akidaka wadudu wanaowakimbia. Wanasayansi humwita Sheppardia montana. Anaishi katika misitu ya juu ya Usambara Magharibi, na hakuna mahali pengine anapojulikana kuishi. Yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kwa nini hesabu yako ni muhimu

Tangu 1987 mtafiti William Newmark na wenzake wamekuwa wakinasa ndege katika misitu ya Usambara kwa nyavu laini, wakiwavisha pete na kuwaachia. Katika utafiti uliochapishwa 2021, ilionekana kwamba ndege wengi wa misitu hii wamehamia juu zaidi ya walipokuwa miaka 40 iliyopita, kadiri joto linavyopanda.

Hapo ndipo shida ilipo. Mlima una kilele. Ndege anayepanda hufika mahali ambapo hakuna tena pa kupanda. Zaidi ya hapo, msitu umekatika vipandevipande, na ndege wa gizani kama yule wa siafu hawezi kuvuka kwa urahisi shamba la kabichi au viazi kwenda msitu wa ng'ambo. Akitoweka kwenye kipande kimoja, huenda asirudi.

Mtafiti huja kwa wiki chache na kuondoka. Wewe unapita njia ileile mwaka mzima. Ukiandika ulichokiona kila Jumamosi, baada ya miaka 5 utakuwa na jambo ambalo hakuna mgeni anaweza kulinunua: ushahidi wa nani alikuwepo, nani amepungua na lini.

Kupiga picha kwa simu

Toka mapema, kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, ndege wanapotafuta chakula. Vaa nguo za rangi iliyofifia na viatu vyenye meno, maana njia huteleza. Simu iweke ndani ya mfuko wa plastiki.

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kila mara. Ukungu huacha unyevu ambao hauonekani kwa macho.
2. Usivute picha sana kwa vidole. Simu nyingi zikivuta huharibu picha tu. Afadhali ndege aonekane mdogo lakini wazi, utaikata picha baadaye.
3. Egemeza mkono kwenye mti au fimbo. Gusa kioo mahali ndege alipo ili kamera imlenge.
4. Kama una darubini, weka jicho la kamera kwenye tundu la kutazamia na usogeze taratibu hadi duara jeusi lipotee. Inahitaji mazoezi, lakini hufanya kazi.
5. Picha ikishindikana, rekodi sauti. Kwenye ukungu, sauti ya sekunde 30 inaweza kumtambulisha ndege kuliko picha ya kivuli.
6. Andika tarehe, saa, mahali, idadi na alichokuwa akifanya. Bila haya, picha nzuri hubaki pambo.

Programu za bure za Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani zinasaidia: Merlin hukusaidia kumtambua ndege, na eBird hutunza hesabu. Pakua unachohitaji ukiwa penye mtandao. eBird huandika hata pasipo mtandao, na utatuma ukirudi. Asiye na simu janja aandike kwenye daftari. Kumbukumbu zake ni halali vilevile.

Mipaka ya adabu na sheria

Kabla ya kuingia msitu wa hifadhi, pita ofisi ya kijiji au ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) uulize utaratibu. Usikaribie kiota kwa ajili ya picha: mama akiruka, mayai hupoa na adui hujua pa kwenda. Usimwite ndege kwa kumpigia sauti yake kwenye simu mara kwa mara. Hudhani mpinzani amevamia, akaacha kula. Kukamata au kuua ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Wazazi, manati ya mtoto inaweza kubadilishwa na daftari.

Tuseme pia juu ya bundi. Wengi humfukuza kwa kuamini analeta kifo. Chakula cha bundi wengi wanaokaa karibu na mashamba ni panya, na wilaya ya Lushoto inawajua panya vizuri: kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watu waliugua tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Anayelia juu ya paa lako huenda yuko kazini. Ila ukikuta panya amekufa njiani, usimguse. Toa taarifa kituo cha afya.

Anza hivi

Chagua njia moja ya kilomita moja au mbili kando ya msitu. Itembee kila Jumamosi au Jumapili, muda uleule. Wiki ya kwanza jifunze ndege 5 tu, uwajue kwa umbo na sauti. Waulize wazee majina ya Kisambaa, uyaandike pia, maana nayo hupotea. Lushoto ina vijana wanaoongoza wageni, na anayejua ndege kwa sauti huwa na la kuonyesha hata siku ya ukungu.

Na Oktoba, mbayuwayu wa kwanza mwenye koo jekundu akitua kwenye waya wa umeme, andika tarehe. Mwaka ujao utaiandika tena, na hapo utaanza kuona mabadiliko.