Difu ya Mjomba: Historia Iliyofichwa Chini ya Pikapu

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Morogoro kwa mjomba, nimelala chini ya Land Rover, shati limejaa grisi.

Mjomba ana pikapu ya mwaka 1968, ile ndefu ya inchi 109. Alikuwa amepatana bei na jirani yake mwenye shamba milimani, anayeshusha mboga na vibarua juu ya mzigo. Kasoro moja tu: ukiingiza fowili, hata kwenye tope, gari linajikaza kama punda aliyegoma. Shafti ya nyuma ilishakatika mara moja. Yule aliyemuuzia mjomba aliapa kwamba gari halijawahi kuguswa.

Fundi mzee akacheka. "Kijana wangu, maneno ya muuzaji tuyaache. Tuhesabu difu."

Tukaweka mawe kwenye magurudumu. Breki ya mkono ya gari hili hushika propela, kwa hiyo ilibidi iachiwe, gia ikawa huru. Tukainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuweka stendi. Chaki kwenye tairi, chaki kwenye propela. Nikazungusha gurudumu mara mbili kamili. Kwa nini mbili? Kwa sababu lile lingine limesimama chini, na difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Propela ikazunguka mara tatu na nusu na ushee. Tukaenda mbele, tukarudia: karibu mara nne na robo tatu!

Hapo ndipo historia inapoingia. Land Rover ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikiwa cha mgao, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Injini ilikuwa ya lita 1.6, nguvu za farasi 50 hivi. Injini ndogo namna hiyo ivute jembe na tela? Inahitaji msaada wa difu. Uwiano uliodumu kwa miaka mingi ukawa 4.7: kraunwili meno 47, pinioni meno 10. Nguvu nyingi, mwendo kidogo.

Mwaka 1970 ikaja Range Rover, V8 ya lita 3.5, gari la barabara kuu. Difu yake ni 3.54, na inaingia bila taabu kwenye eksili ya Land Rover nyingi za zamani. Wenye magari wakagundua kwamba ukiifunga, kwa mwendo uleule injini inapunguza mizunguko kwa karibu robo. Kelele zinapungua.

Lakini lazima ubadilishe zote mbili. Mtu fulani alibadilisha ya nyuma peke yake. Ukiingiza fowili, mbele na nyuma zinadai mwendo tofauti, na lililo dhaifu linakatika. Fikiria likatike mlimani, vibarua wako juu ya magunia.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Pesa ya jirani ilikuwa ya ada ya binti yake. Jioni akavaa kanzu, akaenda kumweleza jirani kila kitu. Biashara imesimama hadi ipatikane difu ya 4.7.

Nimesoma historia darasani miaka mingi. Sikujua kwamba nyingine husomwa kwa chaki na jeki. Je, gari la nyumbani kwenu, umewahi kulihesabu?