Kunasa Mwendo: Habari ya Farasi, Askari na Akina Mama

Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Nilipolitembelea darasa la watu wazima la Narung'ombe, katika Wilaya ya Ruangwa, tulichelewa kuanza kwa kuwa akina mama walikuwa bado njiani na maji. Walipofika, mama mmoja alitua ndoo yake, akaondoa ngata kichwani, akaniuliza: "Mwalimu, kila siku mwatufundisha kupima. Tumepima mashamba, tumepima mbegu, watoto nao wamepimwa. Na huu mwendo wetu wa mzigo kichwani, yupo aliyewahi kuupima?" Darasa likacheka. Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, ila ni refu kidogo.

Kupima kitu kilichosimama ni kazi nyepesi; wachukua kamba au mizani, basi. Lakini mwendo hausubiri. Mguu ukishanyanyuka, umekwisha pita. Kwa hiyo mtu atakaye kuupima mwendo hana budi kwanza aunase, kama ndege anavyonaswa kwa mtego, kisha aukague polepole.

Mtego wa kwanza ni udongo. Mnajua jinsi wazee wanavyotazama nyayo katika njia ya mchanga wakasema, huyu alikuwa na haraka, huyu anachechemea. Huko Laetoli, karibu na Ngorongoro, majivu ya volkano yaliyolowa mvua yalihifadhi nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Mary Leakey na wenzake walianza kuzifukua mwaka 1978. Mwaka 2010 wataalamu walieleza jinsi walivyowatembeza watu wa leo juu ya mchanga, mara kwa miguu iliyonyooka, mara kwa magoti yaliyokunjwa, wakalinganisha kina cha kisigino na cha vidole. Nyayo za Laetoli zikafanana na za mtu anayenyoosha miguu kama sisi. Hata hivyo udongo hunasa unyayo tu. Goti, nyonga na bega haviachi alama.

Ndipo ikaja kamera. Mwaka 1878, huko California, Marekani, tajiri mmoja aitwaye Leland Stanford alitaka kujua jambo moja: farasi akienda mbio, je, kuna wakati miguu yote minne huwa hewani? Jicho haliwezi kuona upesi hivyo. Mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kukingamisha nyuzi. Kila farasi alipougusa uzi, kamera moja ilifyatuka. Picha zikaonyesha kwamba miguu yote huwa juu kweli, tena wakati inapokusanyika chini ya tumbo, si wakati inaponyooshwa. Wachoraji wa Ulaya waliokuwa wakimchora farasi wa mbio amenyoosha miguu mbele na nyuma walikuwa wamekosea siku zote hizo, na wengine walikuwa mabingwa wakubwa!

Miaka michache baadaye, Mfaransa Étienne-Jules Marey alimvika mtu nguo nyeusi mwili mzima, akatia mistari myeupe na alama zing'aazo kwenye mikono na miguu, akampitisha mbele ya ukuta mweusi. Katika picha mtu hakuonekana. Ilionekana mistari peke yake ikitembea. Likumbukeni vazi hilo jeusi, maana mitambo ya leo ni wajukuu wake.

Sasa twende Leipzig, Ujerumani, mwaka 1891. Wajerumani wakati ule ndio waliokuwa wakiitawala nchi yetu. Wataalamu wawili, Wilhelm Braune na Otto Fischer, walimfunga mtu mirija ya taa mikononi na miguuni, wakamtembeza usiku mbele ya kamera nne. Walimpima mikono mitupu, kisha wakampima amebeba bunduki na mzigo wa askari, kwa sababu jambo la mzigo wa askari lilikuwa limewashughulisha tangu zamani. Hesabu zake zilikuwa nyingi mno. Braune alifariki mwaka 1892, na Fischer akaendelea kwa miaka zaidi ya kumi akitoa kitabu baada ya kitabu juu ya hatua zile chache.

Miaka 26 baada ya usiku ule wa Leipzig, jina la Narung'ombe liliingia katika vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 19 Julai 1917 jeshi la Waingereza, ambalo ndani yake walikuwamo askari wa KAR na wa Gold Coast, yaani Ghana, lilipigana hapo na jeshi la Wajerumani. Nyuma ya majeshi yote mawili walikuwapo wapagazi wa Kiafrika, na risasi na chakula vilikwenda kwa vichwa na mabega yao. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wapagazi wengi sana walikufa katika vita hivyo, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hatua za mtu wa Leipzig ziliandikiwa vitabu. Katika kusoma kwangu sijakuta kipimo hata kimoja cha hatua za mpagazi.

Mitambo ya siku hizi hufanyaje kazi? Mtu huvaa nguo ya kubana, akabandikwa vigololi kwenye viungo: bega, kiwiko, nyonga, goti, kifundo. Kamera nyingi huzunguka chumba, na kila moja ina taa ambayo macho yetu hayaioni. Kigololi hurudisha mwanga ule kama jicho la paka mbele ya tochi. Kamera moja haiwezi kujua kigololi kiko umbali gani. Jaribuni wenyewe: fumba jicho moja, kisha utie uzi katika tundu la sindano. Utahangaika. Ukifumbua yote mawili, kazi inakuwa rahisi. Hivyo kamera mbili au zaidi zikikiona kigololi kimoja kutoka pande mbalimbali, kompyuta hupiga hesabu na kujua mahali kilipo, mara mia na zaidi kwa sekunde moja. Kazi iliyomchukua Fischer miaka sasa huisha kabla chai haijapoa.

Ujuzi huu watumika katika sinema. Yule kiumbe Gollum katika filamu ya mwaka 2002 ya The Lord of the Rings ni mwendo wa mwigizaji Andy Serkis uliovishwa mwili mwingine. Watumika pia katika michezo ya mpira ya kompyuta ambayo vijana wenu wanaijua kuliko mimi. Matumizi yaliyo bora, kwa maoni yangu, ni ya hospitali: mtoto mwenye ulemavu wa miguu hupimwa mwendo wake kabla daktari hajaamua akate wapi au asikate kabisa.

Sasa narudi kwa mama wa Narung'ombe. Ndiyo mama, waliupima. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake wa ng'ambo walitangaza kwamba wamepima pumzi za akina mama wa Kijaluo na Kikuyu waliozoea kubeba mizigo. Waliona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu. Mwaka 1995 wataalamu wakaeleza sababu. Hawakutumia vigololi, walitumia mabamba yaliyotegwa sakafuni, yanayohisi jinsi mguu unavyosukuma. Mwendo wetu ni kama pembea: mwili hupanda juu ya mguu, kisha hushuka mbele, na nguvu ya kushuka husaidia kupanda tena. Sehemu ya nguvu hiyo hupotea njiani. Akina mama wale, wakiwa na mzigo wa kadiri, walipoteza kidogo kuliko walipokuwa watupu.

Lakini msishangilie mapema. Mwaka 2010 wataalamu wengine waliwapima akina mama wa Kixhosa huko Afrika Kusini, na hawakuipata faida hiyo kwa wote. Walikuta watu wanatofautiana sana, na shingo zinauma. Tena pigeni hesabu. Mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Maji ya lita 20 ni kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Basi zile kilo nane zilizozidi mwili huzilipia, kila safari.

Kabla ya somo lijalo, darasa litafute mahali penye mchanga laini. Mtu mmoja apite mikono mitupu, kisha apite tena na ndoo kichwani. Pimeni urefu wa hatua na kina cha kisigino na cha vidole, muandike katika daftari. Na safari hii akina baba nao wabebe.