Donge la kuogea linalochemka: safari ya chumvi, magadi na unga mkali hadi Manyovu

Dada zangu, kila yanapotajwa madonge ya kuogea, yale yanayochemka na kutoa viputo ukiyatia majini, swali huwa lile lile: vitu vyake vinapatikana wapi? Aliye Mjini ataingia Darajani na kutoka na mfuko umejaa. Safari hii muulizaji ni mwenzetu aliyeolewa bara, Manyovu, juu kwenye milima ya Kigoma, mpakani na Burundi. Anataka kutengeneza madonge auze kidogo kidogo, mtaji wake ni mdogo, na jirani kamshauri atumie magadi ya kupikia maharage. Nimeona nimjibu kwa urefu, maana ushauri ule unaweza kuunguza ngozi za watu, na pia kwa sababu nyanda zile za Buha zina historia yake katika jambo hili.

Kwanza donge lenyewe. Halina umri mkubwa. Mwingereza Mo Constantine, mmoja wa walioanzisha kampuni ya Lush, alilibuni mwaka 1989 katika kibanda cha bustani yake mjini Poole, akichukua wazo kwenye vidonge vya Alka-Seltzer, vile vya tumbo vinavyochemka ndani ya glasi. Siri yake ni ndogo: soda na asidi, zote kavu, zimelazwa pamoja. Zikiguswa na maji zinashikana, na hewa ya kaboni inatoka. Vilivyobaki, yaani chumvi, wanga, mafuta na manukato, ni vya kulainisha, kushikamanisha na kupendezesha.

Tuanze na chumvi, kwa sababu hapo Manyovu haina haja ya kuomba kwa mtu. Ukishuka Kasulu na kuendelea kusini unafika Uvinza, ambako mto Rusugi unaingia Malagarasi. Hapo kuna chemchemi za maji ya chumvi, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale mwaka 1967 walikuta masalia ya vyungu na mafiga yanayoonyesha kuwa watu wamekuwa wakichemsha maji yale kwa zaidi ya miaka 1,000. Kazi ilikuwa ya kiangazi. Mvua zikikatika watu walikuja kutoka pande zote, wakiwemo Waha wa milimani, wakapiga kambi, wakakata kuni, wakachemsha maji katika vyungu mpaka chumvi ikabaki chini, na watawala wa pale wakachukua ushuru wao. Kisha chumvi ikapanda vichwani kwenda Buha na Burundi, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaelekea Tabora. Richard Burton alipopita mwaka 1858 akielekea Ujiji alikuta biashara hiyo imeshamiri, na akaiandika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliweka kiwanda, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ile ikapata behewa badala ya kichwa cha mpagazi.

Jina nalo linanifurahisha. Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiha, kinaiita chumvi umunyu. Wazee wa Mombasa na Lamu nao husema munyu. Neno limekaa ncha zote mbili za njia ya misafara.

Mapishi ya Ulaya yatamwambia dada yetu atie chumvi ya Epsom, ambayo bibi zetu waliijua kama chumvi ya haluli, ya kusafishia tumbo. Hiyo ni chumvi ya magnesi, iliyopewa jina la mji wa Epsom kule Uingereza ilikotoka kwenye chemchemi katika karne ya 17. Chumvi ya Uvinza ni chumvi ya chakula, si kitu kimoja. Lakini ndani ya donge hakuna hata moja kati ya hizo inayochemsha chochote, kwa hiyo aitwange ya Uvinza laini, atie kidogo, na asihangaike. Ikizidi inavuta unyevu na donge linalegea.

Mafuta na wanga havina hadithi ndefu. Wanga wa muhogo unafanya kazi ile ile ya wanga wa mahindi wa kwenye paketi. Mawese yamejaa Kigoma tangu zamani, lakini wekundu wake utabaki kwenye taulo na kwenye visigino. Achukue mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa ya mchikichi. Hayo ni jamaa wa mafuta yetu ya nazi, na kwa baridi ya asubuhi kule juu yataganda vile vile, jambo linalosaidia donge kushika.

Sasa soda, ambako ndiko kwenye hatari. Watu wa kale waliipata kwa njia mbili. Moja ni majivu: unachoma mimea, unapitisha maji, unabaki na maji makali. Waarabu waliyaita majivu ya namna hiyo al-qali, na neno hilo limeingia katika lugha za Ulaya kuwa alkali. Njia ya pili ni ardhini. Misri wana bonde la Natrun, na sisi Afrika Mashariki tuna Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuchimba iliundwa mwaka 1911 na reli yake ikakamilika mwaka 1915. Magadi ya sokoni, yale mawe ya kijivu au ya waridi, ni ya ukoo huo. Yanalainisha maharage kwa sababu ni makali, na ukali huo huo unakausha ngozi na kuiwasha. Soda inayotakiwa kwenye donge ni bikaboneti, ile ya kuumulia maandazi, ambayo ni pole zaidi. Tatizo ni kwamba maduka mengine huiita magadi soda, na hapo ndipo jirani alipochanganya. Ama kostiki, wanayotumia watengenezaji wa sabuni ya mawese Kigoma, isikaribie kabisa. Kwenye sabuni kostiki inaliwa na mafuta mpaka inaisha. Kwenye donge la kuogea itabaki, na itaunguza mtu.

Kitu ambacho kweli Manyovu haina ni asidi kavu. Ndimu zipo, ila ndimu ni maji, na ukiyatia kwenye bikaboneti mchemko unaisha bakulini kabla ya kuoga. Wala si Manyovu peke yake iliyowahi kukosa. Mswidi Carl Scheele ndiye aliyepata chembe kavu za asidi ya ndimu mwaka 1784, na kwa zaidi ya karne moja baadaye dunia iliitegemea Italia, hasa ndimu za Sicily. Mwaka 1917 James Currie, Mmarekani, alionyesha kuwa ukungu mweusi ukilishwa sukari huitoa asidi hiyo kwa wingi, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuitengeneza kiwandani kwa njia hiyo. Unga wa ndimu unaouzwa leo haujawahi kuonana na ndimu.

Wengine watasema ukwaju. Una asidi nzuri, lakini unanata. Mimi ningejaribu ubuyu kwanza, maana Mungu ameukausha mwenyewe ndani ya kibuyu chake. Unga wake mweupe (si ule wetu wa rangi na sukari!) ukichanganywa na bikaboneti na kuguswa na maji unatoa viputo. Ni vichache, na unaacha machicha, hivyo ni wa kuchezea nyumbani, si wa kuuza.

Jibu la kuuza liko kwenye rafu ya duka, na lina miaka mingi kuliko donge lenyewe. Mwaka 1843 mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, alikuwa na mke asiyepatana na hamira. Ili mkewe ale mkate, Bird akachanganya bikaboneti, asidi kavu na wanga. Hiyo ndiyo poda ya kuumulia keki, ile ya kwenye kopo. Angalieni vitu vyake vitatu: soda, asidi, wanga. Ni donge la kuogea lisilo na mafuta wala harufu.

Basi dada yetu wa Manyovu aanze na poda hiyo. Vikombe viwili vya poda, robo kikombe cha chumvi laini ya Uvinza, vijiko viwili vya mafuta ya mise yaliyoyeyushwa. Asitie maji. Ashindilie kwenye kifuniko cha chupa au kikombe kidogo, aache siku mbili mahali pakavu. Halitaruka kama la dukani, litachemka taratibu. Atakapopata mtu wa kumletea unga wa ndimu kutoka Kigoma Mjini au Dar es Salaam, apime sehemu mbili za bikaboneti kwa moja ya unga huo, na wanga sehemu moja.

Atengeneze Juni hadi Agosti, wakati hewa ya kule ni kavu. Hapo anatushinda sisi, ambao unyevu wa bahari unayachemsha madonge yetu ndani ya kopo. Na ayafanye madogo, kiasi cha ndimu, kwa sababu wateja wake wanaoga kwa ndoo. La kwake ni la beseni: maji ya moto, miguu iliyotoka shamba, magaga yamepasuka kwa baridi, dakika kumi na tano. Mwenye kidonda kibichi au mguu wenye kisukari asitumie, na mtoto mchanga asiogeshwe nalo.