Kuacha, kuachishwa, kupunguzwa

Aliyekatiwa bima pamoja na mkopo wake, siku kazi inapokatika, hana budi kukijua kitenzi chake. Fomu ya madai itamuuliza ajira imekwisha vipi, na jibu limo katika barua ya mwajiri. Aliyeacha mwenyewe halipwi. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu halipwi. Aliyemaliza mkataba wa muda maalumu kwa kawaida halipwi vilevile, maana mwisho wake aliujua tangu alipotia saini. Anayelipwa ni aliyepunguzwa, ikiwa bima yake inagusa ajira. Nyingi za huku kwetu huishia kwenye kifo na ulemavu.

Mtaani tunasema kibarua kimeota nyasi, na majirani hawahitaji zaidi. Msemo huo haumtaji aliyesababisha, ilhali bima humtafuta huyo kwanza. Kiswahili kinaye: acha, achisha, achishwa. Lakini kuachishwa nako hakutoshi, kwa kuwa aliyeiba na aliyekumbwa na kufungwa kwa kiwanda wote wameachishwa. Huyu wa pili Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inamtengea kifungu cha 38: mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ashauriane na wahusika. Kenya wana kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Barua inayotaja upunguzaji humpa mdai pa kusimamia. Ile inayosema “tumekubaliana kusitisha ajira” humweka mashakani, hata kama alikubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Maafisa utumishi wanaoandika hivyo kwa nia ya kumsitiri mtu wajue wanaweza kumnyima haki yake.

Kwenye ugonjwa, Kiswahili cha pwani kilitangulia. Wazee wa Unguja na Mombasa wakisema fulani hawezi, wana maana anaumwa. Hawakuanza na jina la maradhi. Walianza na uwezo uliopungua. Ndivyo bima ya mkopo inavyouliza. Cheti kilichoandikwa “kisukari” peke yake hakimsaidii dereva, kwani wenye kisukari wengi wako kazini. Daktari aeleze kwamba macho yamefifia, hawezi kuendesha gari, na hali hiyo itadumu kwa muda gani. Kisha kuna ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima, ambao mara nyingi haulipiwi, na kipindi cha kusubiri ambacho lazima kipite ndipo malipo yaanze.

Neno linalonigusa kuliko yote ni dai. Benki inamdai mkopaji. Mkopaji anaidai kampuni ya bima. Mtu huyohuyo, mwezi huohuo, ni mdaiwa na mdai. Na akishinda, fedha hazipiti mkononi mwake, zinakwenda benki. Fidia tuliipokea kutoka Kiarabu, ikiwa na maana ya malipo ya kukomboa. Hata asiyeweza kufunga Ramadhani kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona huitoa kwa kulisha maskini. Hapa kinachokombolewa ni deni, na mgonjwa bado atahitaji nauli ya kwenda hospitali.

Kwa hiyo jina “bima ya mkopo” siliridhii. Anayelisikia hudhani mkopo wote umekingwa, kumbe kwa aliyepunguzwa kazi mara nyingi hulipwa marejesho ya miezi michache tu. “Bima ya marejesho” lingesema kweli zaidi, nalo neno marejesho kila mkopaji analijua. Uingereza bima za namna hii ziliuzwa hata kwa waliojiajiri, ambao kipengele cha kupoteza kazi mara nyingi hakikuwahusu. Wengine hawakujua kabisa kwamba wamekatiwa. Hadi mlango wa malalamiko ulipofungwa tarehe 29 Agosti 2019 na hesabu kumalizika, wateja walikuwa wamerudishiwa zaidi ya pauni bilioni 38.

Dai linapochunguzwa, deni halisimami. Kila tarehe ya rejesho inapofika benki inaendelea kuhesabu riba na ucheleweshaji, mpaka iwe imekubali vinginevyo kwa maandishi. Basi siku ya kupeleka fomu kwa bima ndiyo siku ya kupeleka barua benki, ukiomba marejesho yasogezwe, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.