Nidhamu ya Vyuo Wakati wa Janga: Adhabu kwa Mwanafunzi Anayevunja Masharti ya Afya

Nidhamu ya vyuo wakati wa janga ni mamlaka ambayo chuo hutumia kumwonya, kumtoza faini, kumsimamisha masomo au kumfukuza mwanafunzi aliyevunja masharti ya kuzuia maambukizi. Mamlaka hayo yalikuwapo kabla ya korona, lakini mwaka 2020 yalipanuka ghafla: kuingia darasani bila barakoa, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma hakuna aliyeliwaza, likageuka shauri la kamati ya nidhamu. Makala haya yanaeleza msingi wa mamlaka hayo, aina za makosa, ngazi za adhabu na utaratibu wa haki, kwa kuiangalia Malawi, hasa Wilaya ya Dowa, uliko mji wa Madisi na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, pamoja na jiji la Lilongwe, ambako vijana wengi wa wilaya hiyo huenda kutafuta elimu ya juu.

Msingi wa kisheria

Rais Peter Mutharika alitangaza hali ya maafa tarehe 20 Machi 2020, kabla hata mgonjwa mmoja hajathibitishwa nchini Malawi. Shule na vyuo vikafungwa kuanzia tarehe 23. Wagonjwa watatu wa kwanza walithibitishwa Lilongwe tarehe 2 Aprili, na tarehe 14 mwezi huohuo serikali ikatangaza kwamba wananchi wangefungiwa majumbani kwa siku 21. Muungano wa watetezi wa haki za binadamu, HRDC, ulikwenda mahakamani ukalalamika, pamoja na mambo mengine, kwamba watu wanaoishi kwa kibarua cha siku hawakuandaliwa chochote cha kuwakimu. Tarehe 17 Aprili Mahakama Kuu ikazuia amri hiyo isianze kutumika. Septemba 2020 ikatamka kwamba kanuni zilizoweka amri hiyo zilikwenda kinyume cha Katiba. Sheria ya Afya ya Umma ambayo serikali iliitegemea, iliyotungwa mwaka 1948 enzi za ukoloni, haikutoa mamlaka makubwa kiasi hicho.

Hukumu hiyo ilihusu serikali, lakini wakuu wa vyuo nao wana la kujifunza. Nia njema ya kulinda afya haimpi mtu mamlaka ambayo sheria haikumpa. Chuo kinachotaka kuadhibu lazima kionyeshe kifungu cha kanuni zake kinachoruhusu adhabu hiyo, na kifungu chenyewe kiwe kimepitishwa na chombo chenye uwezo, yaani baraza la chuo au seneti. Tangazo lililobandikwa ukutani na ofisa mmoja, hata kama lina mhuri, halitoshi kumfukuzia mtu.

Agosti 2020 serikali mpya ya Rais Lazarus Chakwera ilitumia kanuni nyingine chini ya sheria hiyohiyo ya 1948. Barakoa ikawa lazima mahali pa umma, na asiyevaa akatakiwa kulipa faini ya kwacha 10,000. Tangu hapo mwanafunzi alikuwa chini ya mikono miwili: polisi akiwa barabarani, na chuo akiwa ndani ya geti.

Juu ya yote ipo Katiba ya Malawi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kisheria na kwa utaratibu wa haki katika uamuzi wa kiutawala unaogusa maslahi yake, na haki ya kupewa sababu za uamuzi huo kwa maandishi. Kifungu cha 44 kinataka kila kizuizi cha haki kiwekwe kwa sheria, kiwe cha busara, na kiwe cha lazima katika jamii ya kidemokrasia. Majirani nao wana masharti ya namna hii: Kenya katika kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, Uganda katika kifungu cha 42, na Tanzania katika ibara ya 13(6), inayotambua haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Aina za makosa

Makosa ya afya chuoni yanaweza kugawanywa katika makundi manne, na kila kundi lina uzito wake.

La kwanza ni uzembe wa kila siku: kutovaa barakoa, kupita ndoo ya kunawia mlangoni bila kunawa, kukaa wanne kwenye benchi la watu wawili. Haya ndiyo mengi, na ndiyo mepesi zaidi.

La pili ni mikusanyiko: sherehe za siku ya kuzaliwa hosteli, wageni kulala bwenini, mechi zisizo na kibali. Hapa hatari hukua, kwa kuwa mtu mmoja huweza kuambukiza kundi zima kwa usiku mmoja.

La tatu ni kuvunja karantini au kujitenga. Aliyeambiwa abaki chumbani kwa sababu amekaa karibu na mgonjwa, naye akaenda maktaba, hawezi kusema hakujua. Kosa hili ni zito kwa kuwa amri ilimlenga yeye binafsi.

La nne ni udanganyifu: kuficha dalili, kughushi cheti cha kipimo au cha chanjo, kuandika jina la uongo kwenye daftari la wageni. Kosa hili lingeadhibiwa hata pasingekuwa na janga, kwa kuwa kughushi ni kughushi.

Kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari, mfano wale wanaojifunzia wodini katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, makundi yote manne hupanda daraja. Wao hugusa wagonjwa, na wanaandaliwa kwa taaluma yenye baraza lake la kusimamia maadili. Uzembe mdogo wa mwanafunzi wa uhasibu waweza kuwa kosa kubwa kwa mwanafunzi wa ukunga.

Ngazi za adhabu

Adhabu hupangwa kama ngazi, kutoka nyepesi hadi nzito. Chini kabisa kuna onyo la mdomo, kisha onyo la maandishi linaloingizwa kwenye faili. Linafuata agizo la kufanya kazi ya kijamii au kuhudhuria somo la afya, halafu faini, kisha kuondolewa bwenini. Juu kuna kusimamishwa masomo kwa muhula au mwaka, na kileleni kufukuzwa moja kwa moja.

Kanuni ya kwanza ya ngazi hii ni uwiano: adhabu ilingane na kosa na madhara yake. Ya pili ni kwamba hatua ya kuzuia ugonjwa si adhabu. Kumwondoa bwenini mwanafunzi mwenye dalili ili asiambukize wenzake ni hatua ya afya, hivyo hufanyika mara moja, bila kusubiri kikao, na hukoma hatari inapokwisha. Kumwondoa bwenini kwa sababu alifanya sherehe ni adhabu, nayo husubiri kikao. Vyuo vinavyochanganya mambo haya mawili huishia kumwadhibu mgonjwa kwa kuugua, na matokeo yake ni kwamba wenye dalili huanza kujificha.

Faini nayo ina walakini wake. Kwa mtoto wa tajiri ni bei ya kufanyia sherehe, na kwa mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Madisi yaweza kuwa fedha yake yote ya kujikimu.

Utaratibu wa haki

Shauri la nidhamu hupitia hatua tano: barua ya tuhuma, muda wa kujieleza, kikao, uamuzi wa maandishi, na rufaa.

Barua ya tuhuma ndiyo hatua inayoharibika mara nyingi. Barua isemayo tu kwamba mwanafunzi "amekiuka masharti ya afya" haijasema kitu. Barua iliyokamilika hutaja tarehe, saa, mahali, tendo, na namba ya kifungu, kwa mfano: Ijumaa saa tatu usiku, chumba fulani cha hosteli fulani, ulikutwa na wageni saba bila barakoa, kinyume cha kifungu kadha cha kanuni za makazi. Hueleza pia ni nani aliyeleta taarifa au ni ushahidi gani upo, adhabu ya juu inayoweza kutolewa, siku ya kikao, na kwamba mtuhumiwa anaruhusiwa kuja na mtu wa kumsaidia, mara nyingi kiongozi wa serikali ya wanafunzi.

Kikao nacho kinataka waamuzi wasio na upande. Mlezi wa hosteli aliyemkamata mwanafunzi anaweza kuwa shahidi, lakini akikaa pia mezani kuamua, uamuzi huo haujasimama. Wakati wa janga vikao vingi duniani vilihamia kwenye simu na kompyuta. Jambo hilo lilipunguza hatari ya maambukizi, lakini kwa mwanafunzi aliyerudi kijijini ambako mtandao hukatika na bando ni ghali, "kikao cha mtandaoni" kiliweza kuwa njia ya kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Historia ya Afrika Mashariki inaonya juu ya adhabu za mkumbo. Oktoba 1966 Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi 393 walioandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi walirejeshwa masomoni baadaye. Kosa lao lilikuwa la kisiasa, lakini somo la kitaratibu ni lilelile: likiadhibiwa kundi, hapaulizwi nani alifanya nini.

Mifano kutoka Marekani

Nchini Marekani adhabu hizi zilitolewa kwa wingi na kwa uwazi. Agosti 2020 Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kiliwasimamisha wanafunzi 36 kwa sherehe iliyofanyika chini ya siku moja baada ya mkuu wa chuo kutangaza kwamba mikusanyiko ya aina hiyo ni kosa. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston kiliwaondoa wanafunzi 11 wa mwaka wa kwanza waliokutwa pamoja katika chumba cha hoteli, na awali kikasema ada yao ya dola 36,500 haitarudishwa. Ada hiyo ilizua kelele kuliko kosa lenyewe, na baadaye chuo kikakubali sehemu yake ihesabiwe katika muhula uliofuata.

Mifano hii ina tofauti moja ya msingi na Malawi. Wanafunzi wale walikuwa na vyumba, maji, vipimo na mtandao. Walichoambiwa wasifanye, waliweza kutokukifanya.

Hali ya Dowa, Dzaleka na Lilongwe

Kambi ya Dzaleka, iliyo kilomita 50 hivi kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, kanisani na foleni ya maji. Tangu 2010 Wajesuiti wamekuwa wakiendesha hapo masomo ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao.

Mwanafunzi wa Dzaleka huamka kupanga ndoo kisimani. Foleni yenyewe ni mkusanyiko, na maji anayorudi nayo hugawanywa kati ya kupika, kufua na kuoga kabla hayajafikia kunawa mikono mara kumi kwa siku. Hulala chumba kimoja na ndugu zake wanne au watano, kisha huenda kwenye maabara ya kompyuta kwa sababu nyumbani hana. Ukimwambia ajitenge siku 14, hana pa kujitenga. Wa Madisi aliyepanga chumba Lilongwe naye husafiri kwa basi dogo. Abiria walipopunguzwa kwa ajili ya korona, nauli ilipanda.

Adhabu ya kufukuzwa pia haina uzito sawa kwa wote. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 ikiwa imeweka pingamizi katika vifungu kadhaa, vikiwamo vya ajira, uhuru wa kutembea na elimu. Mkimbizi huhitaji kibali cha kutoka kambini, na nafasi za ufadhili ni chache mno. Raia akifukuzwa chuo kimoja anaweza kuomba kingine mwaka unaofuata, lakini kwa mkimbizi, kufukuzwa mara moja huweza kuwa mwisho wa elimu ya juu maishani mwake.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea adhabu kali husema janga halisubiri. Januari 2021, wimbi la pili lilipopanda, Malawi ilipoteza mawaziri wawili siku moja, Lingson Belekanyama na Mohammed Sidik Mia, na shule zikafungwa hadi 22 Februari. Mwanafunzi mmoja mkaidi aweza kufunga chuo kizima na kuwapotezea muhula maelfu ambao hawakukosea lolote.

Wanaopinga husema adhabu hukosa heshima pale wakubwa wanapovunja masharti hayohayo. Katika kampeni za uchaguzi wa marudio wa 23 Juni 2020, mikutano ya hadhara ilijaza maelfu ya watu wakati vyuo vimefungwa kwa hofu ya msongamano. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: kijana aliyeona viwanja vile vimefurika hashawishiki kirahisi kwamba sherehe ya watu kumi ni hatari kwa taifa.

Hoja zote mbili zina ukweli, na jibu lake ni mpangilio: kwanza chuo kitimize wajibu wake, kisha kidai wajibu wa mwanafunzi.

Baada ya korona

Suala hili halikwisha na korona. Kipindupindu kilichoanza Machi 2022 kilikuwa kibaya kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa Malawi, kikaua zaidi ya watu 1,700, na Januari 2023 kikachelewesha kufunguliwa kwa shule za Lilongwe na Blantyre kwa wiki mbili. Masharti ya kunawa, kutokuuziana vyakula vya wazi na kuripoti dalili yalirudi upya.

Kwa hiyo chuo chochote kinachoandika kanuni zake leo kijiulize maswali manne kabla ya kutaja adhabu. Je, kanuni imepitishwa na chombo chenye mamlaka? Je, mwanafunzi ameisoma kwa lugha anayoielewa? Je, maji, sabuni, barakoa na chumba cha kujitengea vipo? Je, atasikilizwa na kukata rufaa? Likikosekana jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya haya, adhabu hiyo haina haki, na chuo kianze kwa kurekebisha upungufu wake chenyewe. Yakipatikana yote manne, anayevunja masharti kwa makusudi aadhibiwe bila kuonewa aibu.