Unataka miguu iliyokaza? Waulize wapagazi wa Tabora

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nililipia jimu mwezi mzima, nikaenda siku nne tu. Siku ya tano vigimbi viliuma mpaka nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Hela ikaenda, miguu ikabaki njiti vilevile, na washkaji wa kijiweni wakapata cha kunicheka.

Bibi yangu aliponiona nachechemea akasema, "Mjukuu wangu, unalipa hela ukakimbie juu ya mashine isiyofika popote? Babu zako walilipwa wao ili watembee."

Nilicheka, lakini neno likanikaa kichwani. Nikaanza kusoma habari za wapagazi wa Kinyamwezi, na kumbe jibu la miguu yangu lilikuwa hapahapa nyumbani.

Iko hivi. Karne ya 19, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo mingi kutoka pwani ilipanda kwa miguu ya watu. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Pembe za ndovu zinashuka pwani, vitambaa na shanga zinapanda bara. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kufika pwani na kurudi kilikuwa kipimo cha uanaume. Na wanawake walikuwemo, wakitembea na vyungu na watoto.

Sasa sikia hii. Mzungu mmoja, Richard Burton, alitoka pwani mwezi Juni 1857 na akaingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Novemba 7. Katika kitabu chake aliandika jinsi mbalamwezi ikitoka ngoma zinavyolia, makofi yanapigwa, na vijana wanatoka kwenda kucheza. Wapagazi nao walicheza kambini. Watu wametembea tangu alfajiri na mzigo begani, halafu usiku wanacheza! Mimi dakika ishirini za mashine natafuta kiti.

Ila tusipambe sana. Njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo, wanapelekwa kuuzwa. Miguu yao haikuwa na mshahara wala ngoma ya usiku. Tukisifia njia ya misafara, tuwakumbuke na hao.

Kwa hiyo kwa nini mtu aliyechoka acheze? Mimi naona hivi: mchana miguu ilikuwa ya tajiri mwenye mzigo, usiku ikarudi kuwa yake. Na hapo ndipo nilipogundua kosa langu la jimu. Nilichagua zoezi ninalolichukia, basi nikaliacha. Ngoma unayoipenda hutafuti sababu ya kuikimbia.

Na watu wa huku hawakuacha kucheza. Baadaye ikaja beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara kupitia askari na wapagazi. Humo kulikuwa na vyama pinzani, Marini na Arinoti, vina vyeo na sare, na wanacheza kwa kupiga kwata kama jeshi. Kisha ukaja muziki wa dansi, na mji huu ukatoa Kiko Kids na Tabora Jazz.

Haya, tuje kwenye miguu yako. Uchague nini?

Kama shida yako ni mapaja na makalio, tafuta ngoma za kuinama na kukunja magoti. Bugobogobo ya majirani zetu Wasukuma, ile ya majembe, ni moto. Wanashuka, wanapanda, wanaruka, jembe linarushwa juu. Jembe liache nyumbani, chukua ule mkao tu. Kila ukishuka na kupanda, paja linafanya kazi.

Kama unataka vigimbi, cheza singeli. Kule kurukaruka kwa ncha za vidole kunakaza nyuma ya mguu na pumzi inafunguka. Ila inakimbia sana, kwa hiyo anza na wimbo mmoja, pumzika, rudia. Vaa raba, na usirukie kwenye sementi kama uwanja wa udongo upo.

Kama unapenda mpangilio, igiza beni. Piga kwata papohapo, goti lipande mpaka usawa wa kiuno, mgongo umenyooka. Dakika tano utanitafuta.

Na kama ndiyo unaanza, una mwili mkubwa au goti linasumbua, weka dansi ya zamani ya taratibu. Unahamisha uzito mguu huu kwenda huu, hakuna kuruka. Mwenye presha au maumivu amuone daktari kwanza.

Ukweli mmoja msiupende sana: hakuna ngoma inayotoa mafuta ya mapaja peke yake. Misuli inakaza pale unapoifanyisha kazi, lakini mafuta yanapungua mwili mzima kwa mpango wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni nusu saa, siku tano.

Mimi nimechagua bugobogobo uani, bibi akipiga makofi na kunisahihisha. Huu ni mwezi wa tano. Miguu bado si ya kupiga nayo picha, lakini ngazi nashuka nikiangalia mbele.

Wiki iliyopita nilienda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Jina lake liko pale. Waliobeba mizigo ya wageni kama yeye, majina ya wengi hayakuandikwa popote. Wakati wa kurudi nilipita chini ya miembe nikawaza, sisi wajukuu ndio tumebaki na hiyo miguu. Tusiiache ikazeekea kwenye kiti.

Haya mdau, wewe unacheza nini? Na bibi yako alicheza nini? Muulize leo, halafu njoo utuambie hapo chini.