Kuhama Mtandao Bila Kubadili Namba: Istilahi na Haki Iliyomo Ndani Yake

Tangu tarehe 1 Machi 2017, mtumiaji wa simu Tanzania anaweza kuiacha kampuni moja ya simu, akajiunga na nyingine, na namba yake ikabaki ileile. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipoizindua huduma hiyo iliipa jina la Kiswahili lenye maneno matano: kuhama mtandao bila kubadili namba. Kwa Kiingereza huitwa Mobile Number Portability, na kwenye nyaraka za wataalamu hufupishwa kuwa MNP. Kanuni zake zilitungwa mapema zaidi, mwaka 2011, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Muda umepita wa kutosha kwa jambo hili kuwa la kawaida, lakini hapa Songea wengi hawajui kwamba lipo. Mtu akichoka na mtandao wake, kwa kuwa vifurushi vimepanda au kwa kuwa shambani kwake mawimbi hayafiki, hununua laini ya pili. Simu nyingi zinazouzwa Soko Kuu na madukani zina nafasi ya laini mbili, kwa hiyo laini ya zamani inabaki kwa ajili ya kupigiwa na kupokea pesa, na mpya inakuwa ya kupigia na intaneti. Sina ugomvi na njia hiyo; wakati mwingine ndiyo inayomfaa mtu. Ninachosema ni kwamba aliyeichagua bila kujua kuwa ipo nyingine hajachagua. Na naamini sehemu ya lawama inaliangukia jina lenyewe tulilopewa.

Neno la Kiingereza linaizungumzia namba: ni kitu kinachoweza kubebwa. Aliyetaka kulifuata neno kwa neno angeweza kuunda ubebekaji wa namba, au uhamishikaji wa namba. Kisarufi yote mawili yanakubalika, maana tuna beba, bebeka, ubebekaji, na tuna hama, hamisha, hamishika. Lakini ni nani angeyatamka mbele ya banda la vocha? Waliolitunga jina la Kiswahili waliacha njia hiyo, wakaanza na mtu badala ya namba. Kuhama ni tendo la mwenye hiari. Watu huhama kijiji, huhama nyumba, huhama chama. Katika hilo naona tafsiri imelipita neno la asili, kwa sababu inamwambia mtumiaji kwamba uamuzi ni wake, si wa kampuni.

Udhaifu uko kwenye mkia. Jina la maneno matano halikai mdomoni, na lugha ya mtaani hulikata. Linalokatwa ni bila kubadili namba, yaani kiini chenyewe. Yanabaki maneno mawili, kuhama mtandao, ambayo watu walikuwa wakiyatumia kabla ya 2017 kwa maana ya kununua laini ya kampuni nyingine na kuanza na namba mpya. Kwa hiyo istilahi ikishafupishwa inasema kinyume cha ilichokusudiwa.

Nililiona hilo kwa macho Mfaranyaki, kwenye banda la kijana anayesajili laini chini ya mwamvuli. Mama mmoja wa makamo, mkulima kutoka njia ya Peramiho, alisimama na simu yake ya vitufe mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuhama mtandao. Huu wa kwangu kule shamba haushiki kabisa."

Kijana hakuuliza kingine. Alichomoa bahasha ya laini mpya kwenye kasha, akaweka mezani kile kifaa cha alama za vidole, akasema, "Nipe namba ya NIDA, mama. Unapenda namba inayoishia na ngapi?"

Mama alisita. "Inayoishia ileile. Si nimesema nahama tu?"

Hapo ndipo kijana alipoduwaa. Hakuwa na hila yoyote. Alisikia kuhama mtandao, akaelewa kama anavyoelewa kila siku, laini mpya na namba mpya. Mama alikuwa amesikia habari redioni, akaielewa kama ilivyotangazwa. Wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili sahihi, na walipishana.

Kwa nini mama yule aling'ang'ania namba? Kwa sababu siku hizi namba ya simu imekuwa anwani ya mtu. Kwa mkulima wa Ruvuma imo kwenye taarifa zake za mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/2023. Imo kwenye daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Wanunuzi wa mahindi wanayo, mwalimu wa mtoto anayo, na ndugu aliyeko Dar es Salaam hutuma pesa kwayo bila kuuliza tena. Kuibadili ni kuwatafuta watu hao wote mmoja mmoja, na yule usiyemkumbuka ndiye atakayekupigia siku ya shida.

Tena namba zimeonyesha kuwa na maisha marefu kuliko majina ya kampuni. Kampuni iliyoanza na Mobitel imepitia Buzz na Tigo, na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Mabango yalipakwa rangi upya na vocha zikachapishwa upya, lakini mteja alibaki na namba yake. Ikiwa kampuni inaweza kubadili jina na namba isiguswe, hoja ya kwamba namba ni ya mteja haihitaji utetezi mrefu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Huanzi kwa kampuni unayoiacha. Unakwenda kwenye duka au kwa wakala wa kampuni unayoiendea, ukiwa na kitambulisho na simu yenye laini unayotaka kuihamisha. Unajaza ombi, kisha kutoka kwenye laini hiyo ya zamani unatuma ujumbe wenye neno moja, HAMA, kwenda namba 15080. Ujumbe huo ndio uthibitisho kwamba anayeomba ndiye mwenye laini mkononi. Unapewa laini ya kampuni mpya. Uhamisho ukikamilika ile ya zamani inazimika, na mpya inaanza kupokea simu kwa namba yako ya siku zote. Nyuma ya pazia kuna hifadhidata ya pamoja: mtu akikupigia, mitandao huangalia humo namba yako iko kwa nani sasa, kisha simu inapelekwa huko. Wataalamu huiita kampuni ya awali mtandao mtoaji, na ile mpya mtandao mpokeaji. Maneno hayo mawili ni mazuri, mafupi, na hayana ukungu. Laiti jina la huduma yenyewe lingefanana nayo.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu kisichohama, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Anayehama nyumba huondoka na vyombo vyake, na neno kuhama linatufanya tutarajie hivyo hivyo kwenye simu. Sivyo. Inayohama ni namba peke yake. Muda wa maongezi uliobaki hauji nawe. Kifurushi cha wiki ulichokinunua jana hakiji. Pesa iliyomo kwenye akaunti ya simu, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, haijihamishi kwenda akaunti ya mtandao mpya. Itoe au itume kwingine kabla ya kuandika HAMA. Ukifika mtandao mpya utafungua akaunti mpya ya pesa chini ya namba ileile. Majina uliyoyahifadhi kwenye kadi ya laini ya zamani nayo yanabaki humo, kwa hiyo yahamishie kwenye simu kwanza.

Deni nalo halihami, ila huzuia. Anayelipa mwisho wa mwezi atatakiwa amalize ankara zake. Aliyekopa salio au kukopa kupitia akaunti ya pesa, alipe kabla hajaomba. Kwa laini za malipo ya kabla, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wengi wetu, watu husema hawana mkataba na kampuni yoyote. Wanao. Siku ulipoweka kidole kwenye kifaa cha usajili uliingia makubaliano, na maneno vigezo na masharti kuzingatiwa, yanayosomwa mbiombio mwishoni mwa tangazo la redio, ndiyo mkataba wenyewe. Tofauti ni kwamba mkataba huo haukufungi kwa miezi. Mtanzania mwenye laini ya malipo ya kabla yuko huru kuondoka kuliko ndugu yake aliyeko Uingereza, ambako ni kawaida mteja kupewa simu kali na kufungwa na kampuni kwa miezi 24, akitaka kutoka mapema analipia miezi iliyobaki. Huko nako kuna neno la kutuma: tangu Julai 2019 mteja hutuma PAC kwenda 65075 na kupewa msimbo wa kuondokea. Wao huanzia kwa kampuni wanayoiacha, sisi tunaanzia kwa tunayoiendea.

Kuna jambo jipya linalotusogeza karibu na mikataba ya aina hiyo, nalo ni simu za mkopo. Mteja hutoa kianzio, anaondoka na simu janja, kisha analipa marejesho ya kila siku au kila wiki. Asipolipa, simu hujifunga. Wengi hudhani simu ya namna hiyo inazuia namba kuhama. Hayo ni mambo mawili, na Kiswahili kinayachanganya kwa sababu tunayaita yote kufungwa. Kuna simu iliyofungwa kwa deni, na kuna simu iliyofungwa kwa mtandao, isiyokubali laini ya kampuni nyingine. Ya kwanza hufunguka ukilipa. Ya pili inaweza kukukwamisha siku unayohama, kwa hiyo kabla ya yote ijaribu kwa laini ya jirani ya mtandao unaouendea. Namba iko kwenye laini, deni liko kwenye simu. Anayeuza simu ya mkopo ana wajibu wa kumweleza mteja ni kufungwa kupi kumo kwenye karatasi anayoitia sahihi.

Lipo pia neno kurudisha laini, ambalo watu hulichanganya na hili. Kurudisha laini ni kupewa kadi mpya ya mtandao uleule baada ya kupoteza simu au kadi kuharibika. Namba inabaki, kampuni inabaki. Kuhama ni namba kubaki na kampuni kubadilika. Ukikosea neno dirishani utapewa huduma usiyoiomba.

Tuliozoea kusoma mtandao kwenye tarakimu za mwanzo tumepata kazi mpya. Tumekariri kwamba 075 ni Vodacom, 078 ni Airtel, 071 ni Tigo ya zamani, 062 ni Halotel. Tarakimu hizo sasa zinaonyesha namba ilikozaliwa, hazionyeshi inakoishi. Hilo lina gharama kwa mwenye kifurushi cha mtandao mmoja: unampigia mwenye 075 ukidhani mko pamoja, kumbe alishahama, na dakika zako za ndani ya mtandao hazimhusu. Zamani pengo hilo lingeuma zaidi. Kiwango ambacho kampuni hulipana kwa dakika moja ya simu inayovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kilikuwa shilingi 26.96 mwaka 2017, huduma hii ilipoanza. Mwaka uliofuata kikashuka hadi 15.60, na kufikia 2022 kilikuwa shilingi 2 tu. Ndiyo maana vifurushi vya mitandao yote vimekuwa vya kawaida, na sababu kubwa ya watu kung'ang'ania mtandao wa jamaa zao imepungua.

Narudi kwenye jina. Pendekezo langu ni kuhama na namba. Ni maneno matatu, na la mwisho ndilo linalobeba maana, kwa hiyo ulimi wa mtaani hauwezi kulikata bila mtu kuuliza "kuhama na nini?" Linasema kinachokwenda badala ya kusema kisichobadilika. Linaacha kuhama mtandao liendelee na maana yake ya mitaani. Kwenye kanuni na fomu tunaweza kuwa na nomino, uhamaji na namba, na anayefanya hivyo akawa mhamaji. TCRA na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo limekuwa likisanifu istilahi tangu 1967, hawahitaji kufuta jina la zamani. Inatosha kuliweka hili kando yake kwenye mabango na matangazo ya redio, na masikio yataamua.

Na wewe msomaji, usisubiri kikao cha istilahi. Ukitaka kuhama, toa pesa zako kwanza, lipa deni, nenda na kitambulisho, na mbele ya banda sema wazi: nataka kuhama na namba yangu. Ukiulizwa unataka namba inayoishia na ngapi, rudia sentensi hiyo kabla ya kuweka kidole kwenye kifaa.